Domeni na imaji ya fonksio: namna ya kuzisoma kwenye grafiki

Kwa finalisti wanaojiandaa kwa egzeta, zaidi wale wa sayansi, swali la domeni na imaji ni kati ya yale yanayopotezea watu pointi bure. Wengi wanakimbilia hesabu wakati jibu liko mbele ya macho, kwenye grafiki yenyewe.

Domeni ni x zote ambazo fonksio inazikubali. Imaji ni y zote inazozitoa. Njia rahisi ni ya kivuli: fikiria grafiki inasukumwa juu ya mstari wa x, moja kwa moja. Sehemu inayofunikwa ndiyo domeni. Halafu isukume kando, juu ya mstari wa y. Kivuli hicho ndicho imaji.

Chukua grafiki inayoanza kwenye nukta nyeusi (-3, 1), inashuka mpaka (0, -2), kisha inapanda mpaka (4, 5), na hapo kuna kiduara kitupu. Nukta nyeusi inaingia, kiduara kitupu hakiingii. Kwa hiyo domeni ni [-3, 4[. Ile kroshe iliyogeuka nje mwishoni inaonyesha kwamba 4 imeachwa.

Na imaji? Hapa ndipo watu wanaanguka. Mwanafunzi anaangalia ncha mbili tu, anaona 1 na 5, anaandika [1, 5[. Hapana. Grafiki imeteremka mpaka -2 katikati, kwa hiyo imaji ni [-2, 5[. Kwa y, ncha hazitoshi: tafuta mahali pa chini kabisa na pa juu kabisa.

Jambo lingine linalosahaulika sana: kiduara kitupu hakiondoi y kila mara. Kama grafiki inapita tena kwenye urefu wa 5 mahali pengine, 5 inabaki ndani ya imaji.

Mshale kwenye ncha maana yake mstari unaendelea. Fonksio ya kareti ya x - 2 inaanza kwenye (2, 0), inaenda kuume bila kuisha, polepole lakini ikipanda tu: domeni [2, +∞[, imaji [0, +∞[. Ile ya 1/x inakaribia mistari yote miwili bila kuigusa. Kwa hiyo domeni yake ni R bila 0, na imaji pia ni R bila 0.