Damu ya Kaizari ni ya Nani?

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mauaji ya mtawala. Mwaka 1969 ilitoka tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Wengi wameisifu lugha yake. Mimi, niliyewafunda walimu watarajiwa mkoani Mara, nilivutwa zaidi na swali lililomo ndani yake: kati ya watu wengi waliochoma visu, nani ameua?

Historia imetuachia hesabu ya ajabu. Suetonius aandika kwamba waliokula njama walizidi 60. Tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo, Kaizari alipata majeraha 23 (Shakespeare ayafanya 33), na tabibu Antistius alipouchunguza mwili aliona kuwa ni moja tu lililoua, lile la pili, la kifuani. Je, mwenye kisu hicho ndiye muuaji na wenzake ni wajeruhi tu? La hasha. Plutarch asimulia kwamba walikubaliana kila mmoja achome. Damu iligawanywa makusudi, kila mmoja apate fungu lake.

Mzigo mzito, kwa maoni yangu, ni wa Brutus. Cassius ana kinyongo, na mwenye kinyongo twamjua. Brutus mwenyewe akiri kuwa hana kisa na Kaizari. Amwua kwa ufalme ambao bado hajavikwa, kwa kosa ambalo huenda angelitenda. Kisha ataka wauaji waonekane watoa kafara, wala si wachinjaji wa buchani. Hapo Kiswahili chamkatalia, maana mbuzi wa kafara na mbuzi wa bucha wote huchinjwa, kwa kitenzi kimoja na kisu kimoja. Ndugu zangu washairi, tazameni jinsi lugha yetu ilivyo hakimu mkali kuliko Kiingereza cha mwandishi!

Raia nao hawakutoka na mikono safi. Wamshangilia Brutus, kisha Antony asema, nao wamrarua mshairi Cinna kwa kuwa tu jina lake lafanana na la mla njama. Baraza la Roma lilikuwa limekwisha kukwepa swali: siku 2 baada ya mauaji liliwasamehe wauaji, na papo hapo likathibitisha amri zote za Kaizari. Kama angetangazwa dhalimu, vyeo alivyowapa wauaji hao vingebatilika. Mwaka uliofuata sheria ya Pedius iliwahukumu bila wao kuwapo.

Kwetu swali hili halikubaki jukwaani. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume alipigwa risasi Kisiwandui, Unguja. Luteni Homoud Mohamed na wenzake ndio waliofyatua. Lakini mashtaka yaliwafikia watu wengi zaidi, akiwamo Abdulrahman Babu, aliyekuwa Bara. Watuhumiwa wa Visiwani walihukumiwa katika mahakama isiyoruhusu mawakili wa utetezi. Nyerere akakataa kuwapeleka huko waliokuwa mikononi mwake. Mfasiri wa Brutus alijua jinsi hatia inavyoweza kutandazwa kama mkeka, hata akakalishwa juu yake mtu ambaye hakuthibitishwa kushika silaha.

Hata hivyo, nisiseme nusu ya kweli kwa kumheshimu mzee wetu wa Butiama. Hakuwapeleka, ila pia hakuwafikisha mbele ya mahakama ya Bara wakasikilizwa, aliwaweka kizuizini. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu Babu kifo bila yeye kuwapo. Aliachiwa mwaka 1978, akiwa amekaa kizuizini miaka 6, na hakuna hakimu aliyewahi kumsikiliza.