Nani Huifufua Laptopu Kuukuu?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana kweli kweli, lakini wikendi iliyopita nimepata kisa ambacho lazima nikiandike kabla hakijapoa.

Binti wa dada yangu amemaliza kidato cha nne na anasubiri kuitwa chuoni. Anataka kujifunza kuandika programu, ila hana tarakilishi. Kwa mama mdogo kulikuwa na laptopu nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, iliyotengenezwa mwaka 2004. Fundi aliyeonyeshwa alisema hiyo imekufa, wamuuzie mtu wa vyuma chakavu. Nikaomba nipewe mimi. Nilipoiwasha feni ilivuma, skrini ikawaka, kibodi ikaitikia kila herufi isipokuwa moja. Tatizo lilikuwa kwamba kivinjari chake cha zamani hakikuweza kufungua tovuti yoyote niliyoijaribu, na mfumo wake endeshi ulikuwa umeacha kupata masasisho ya usalama miaka mingi iliyopita.

Nikajiuliza: hapa kilichokufa ni nini hasa? Chuma ni kizima. Kilichofika mwisho ni ile programu, na haikuzeeka yenyewe. Waliokuwa wakiitunza waliamua kuacha. Windows XP, kwa mfano, ilitoka Oktoba 2001 na masasisho yake ya kawaida yakakoma tarehe 8 Aprili 2014. Siku ile hakuna waya uliokatika ndani ya mashine zilizoitumia. Lakini kwa kuwa msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo programu hujengwa kutokana nayo, ni siri ya mwenyewe, hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuendelea pale alipoachia.

Mifumo huria ilizaliwa kutokana na shida kama hiyo hiyo, na ilianzia kwenye printa.

Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa mpya ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama mara kwa mara. Richard Stallman, aliyefanya kazi hapo, alikuwa ameshaiongezea printa ya awali programu ya kuwajulisha watu karatasi zinapokwama, waende wakazikwamue. Akataka kufanya vivyo hivyo kwa hii mpya, lakini haikuja na msimbo. Akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa sababu mtu yule alikuwa ameahidi kutoutoa. Printa ipo mbele yako, kasoro unaijua, dawa unaijua, na bado huwezi kuitibu!

Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Akauita GNU. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo kwangu mimi ndiyo uvumbuzi mkubwa kuliko programu zenyewe. Inasema hivi kwa ufupi: chukua, rekebisha, hata uza ukitaka, lakini unayempa mpe pamoja na msimbo na haki zile zile ulizopewa wewe.

GNU ilikuwa na vifaa vingi ila ilikosa kiini, ile sehemu inayozungumza na chuma chenyewe. Hapo ndipo anapoingia Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Januari 1991 alijinunulia tarakilishi yenye prosesa ya 386, na tarehe 25 Agosti mwaka huo akawaandikia watu mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo wake mdogo. Mwanzoni leseni yake ilikataza kuuza. Mwaka 1992 akahamia GPL, na tangu hapo mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Agosti 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, mkusanyiko unaotunzwa na watu wa kujitolea. Tazama tena mwanzo huo: Linux ilianza kwa mwanafunzi mmoja na mashine iliyokuwa mezani kwake.

Lakini miaka ilivyosonga Linux nayo ilinenepa. Ikaongezewa madirisha ya kung'aa na programu tele, hadi wenye mashine dhaifu wakaanza kubaki nyuma. Kwa programu ya siri hadithi ingeishia hapo. Kwa programu huria walijitokeza watu wa kuipunguza. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima unaowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski yako. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akatoa Puppy, mfumo mdogo kiasi cha kujipakia wote ndani ya kumbukumbu ya mashine. Kikaja na Damn Small Linux, kilichobanwa kisizidi megabaiti 50. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kupiga hodi kwa mtu kuomba kibali.

Huku kwetu tuliipata hadithi hii kwa bahasha. Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kupakua CD nzima lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ilikuwa ikiwatumia watu CD bure kwa posta hadi mwaka 2011. Yangu niliichukua posta kwa furaha ya mtu aliyetumiwa hela. Niliizungusha kwa marafiki hadi ikajaa mikwaruzo, na hilo halikuwa wizi, leseni ilisema wazi niigawe. Mwaka huo huo wa 2004, majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ruhusa ile ile inayomwezesha mtu kuifufua laptopu ndiyo iliyowawezesha kuifundisha lugha yetu.

Haya, turudi kwenye laptopu ya mama mdogo, maana nayo ilikuwa na siri yake.

Mfumo wa kwanza niliouweka ulikataa kuwaka. Ujumbe ulisema prosesa haina kitu kinachoitwa PAE. Hii ni njia ambayo Intel iliileta mwaka 1995 ili prosesa za biti 32 ziweze kufikia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4. Baadaye mifumo kadhaa ya Linux iliacha kutoa viini visivyohitaji PAE, Ubuntu ikiwemo, kuanzia toleo la 12.10 la mwaka 2012. Walioumia ni wenye laptopu za Pentium M, prosesa iliyotoka mwaka 2003 na kutumika katika laptopu nyingi za wakati ule. Zile za mwanzo hazitangazi kwamba zina PAE.

Sasa sikiliza utamu wake. Baadhi ya prosesa hizo PAE wanayo, ila hawasemi! Ni kama mtu anayekijua Kiswahili vizuri lakini kwenye fomu ameacha nafasi wazi. Watumiaji waligundua, wakajaribu, wakathibitisha, na mwaka 2014 kiraka kikaingia kwenye kiini cha Linux: ukiandika neno moja, forcepae, wakati wa kuwasha, kiini kinaacha kuuliza fomu na kuendelea na kazi. Mashine hizo zilikuwa na miaka kumi hivi tayari. Hapakuwa na soko la maana la kuzihudumia. Ila mtu alikuwa na laptopu, msimbo ulikuwa wazi, na mlango wa kurudisha kiraka kwa wote ulikuwa wazi pia.

Niliandika neno hilo. Laptopu ikawaka. Binti akapiga makofi, mimi nikajifanya sikuwa na wasiwasi.

Ningeweza kuishia hapo, tushangilie twende nyumbani. Lakini kuna upande ambao sisi wapenzi wa Linux huwa tunaupitia haraka. Tumezoea kuwaambia watu kwamba programu huria haifi. Si kweli. Desemba 2012 watengenezaji wa kiini waliondoa uwezo wa kutumia prosesa ya 386, na toleo la 3.8 likatoka Februari 2013 bila hiyo. Yaani ile mashine ambayo Torvalds alianzia Linux yenyewe haiwezi tena kuwasha Linux mpya. Na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha tarakilishi za kawaida za biti 32. Debian, mhimili wa mifumo mingi myepesi!

Je, wamewasaliti? Sidhani. Kila prosesa ya zamani inayoendelea kuhudumiwa ina mtu anayeijaribu, anayesoma ripoti za hitilafu, anayeamka usiku kiraka kikiharibu kitu. Watu hao wakipungua, kazi inasimama. Leseni inakupa ruhusa ya kuendelea, haikupi mtu wa kuendelea. Tofauti na mfumo wa siri ni kwamba hapa mwisho haupangwi na mmoja kwa niaba ya wote. Unafika pale ambapo sisi wote tumenyamaza.

Ndiyo maana kwenye laptopu hii hatimaye nimeweka antiX 23, ya mwaka 2023, mfumo mwepesi unaoongozwa kutoka Ugiriki na uliojengwa juu ya Debian 12. Bado una toleo la biti 32, na Debian 12 imepangiwa masasisho ya muda mrefu hadi Juni 2028. Nimeongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 1. Binti anaandika Python, anaandika barua, anasoma vitabu vya PDF. Video za mtandaoni asahau, na tovuti nzito zinaifanya ipumue kama mzee anayepanda ngazi. Nimemwambia ukweli huo, na nimemwambia pia kwamba mwaka 2028 si mbali.

Kwa nini nakuchosha na mashine ya mwaka 2004? Kwa sababu zamu inayofuata ni kubwa zaidi. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na orodha ya prosesa ambayo nyingi za kabla ya 2018 hazimo. Laptopu za umri huo ndizo sisi Wakenya hununua zikiwa "ex-UK" na kuwapa watoto wetu waendao chuo. Hizo si wazee kama ya mama mdogo. Zina prosesa za biti 64, na ukiwa na gigabaiti 4 au 8 za kumbukumbu, Linux Mint au Debian inakimbia bila shida. Ukiambiwa yako imekufa, usiiuze kwa kilo. Hifadhi mafaili yako kwanza, weka mfumo kwenye flashi, uwashe kutoka hapo bila kugusa diski, ujionee kama sauti, WiFi na skrini vinaitika. Ikikupendeza, ndipo usakinishe.

Na ikikubali, fanya jambo moja zaidi. Andika ripoti ya hitilafu, tafsiri ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mwonyeshe jirani. Mtu fulani alikaa na Pentium M yake hadi akapata neno moja la kuandika, nami nimelitumia bure miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa jikoni kwa mama mdogo.

Binti ameniuliza jana kiraka kinaandikwaje. Nimemwambia aanze kwa kutafuta kwa nini ile herufi moja ya kibodi haiitiki. Imegeuka kuwa makombo ya mkate. Si haba, hata hiyo ni ripoti ya hitilafu.

Tuonane tena.