Mbina Ng'ambo ya Kigongo

Historia ya burudani Sengerema kwa kawaida huanzia kwenye redio, hupita kwa bendi za Mwanza na kuishia kwenye vibanda vya video, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa na mila tu, wala si burudani. Mpangilio huo unapotosha. Wasukuma walikuwa na mbina, mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, ambapo pande mbili pinzani, Bagika na Bagalu, zilicheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja. Watazamaji walihama upande hadi upande, na kikundi kilichobaki na umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Kanuni hiyo ilidai ubunifu usiokoma. Ningi, mtunzi na kiongozi wa wachezaji, alihitaji nyimbo mpya, na vikundi vilileta sanamu za mbao zenye viungo vya kuchezeshwa, chatu, hata fisi. Kilichowachosha watu kiliachwa. Mila isiyoulizwa maswali haiendi hivyo.

Wapo watakaosema mbina ilikuwa uganga, si burudani, na hoja yao ina uzito: Ngika na Gumha, wanaotajwa kuwa waasisi wa pande hizo mbili katika karne ya 19, walikuwa waganga, na wachezaji walitumia dawa. Lakini dawa iliyotafutwa hapo ilikuwa ya mvuto, na kipimo cha nguvu zake kilikuwa watu wenyewe, wakihesabiwa kwa macho. Mganga aliyekosa watazamaji alikuwa ameshindwa, hata awe na ukoo gani.

Hoja ngumu zaidi ni kwamba Sengerema ni Uzinza, nchi ya Wazinza, kwa hiyo ngoma hizi ni za wageni. Ni kweli Wasukuma walivuka Ghuba ya Mwanza, kutoka upande wa Kigongo, na ng'ombe wao wakitafuta ardhi, na mpango wa kikoloni wa kuiendeleza Usukuma, ulioanza 1947, uliwahimiza kuhamia Geita, ambayo wakati huo ilijumuisha Sengerema. Ila pori la huko lilifyekwa na kulimwa pamba kwa nguvu ya vikundi, na bugobogobo, ngoma ya majembe, ilikuwa namna ya kupanga kazi hiyo: majembe yalipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Fedha za pamba, iliyouzwa na vyama vya ushirika vya akina Paul Bomani vilivyounganishwa chini ya shirikisho la VFCU mwaka 1955, zilifika mikononi katika miezi ileile ya mbina. Indonesia nayo inauhesabu muziki wa dangdut kuwa wake, ingawa uliundwa kwa muziki wa Kimalay, nyimbo za filamu za Kihindi na magitaa ya rock. Kilichokulia mahali kwa jasho la watu wa mahali hapo ni cha hapo.

Bujora, upande wa pili wa ghuba, Padri David Clement kutoka Kanada aliyaingiza mashindano ya mbina katika sikukuu ya Ekaristi, na sherehe hiyo, Bulabo, ingali inawavuta watu, hilo nalishukuru. Kwenye sherehe za serikali mambo ni tofauti. Bugobogobo hupewa dakika chache mbele ya jukwaa kuu, majembe hurushwa juu bila kugusa udongo, na umati uliokuwa hakimu hukaa mahali ulipopangiwa, pasipo kikundi cha pili cha kukimbilia.