Basilicata

Basilicata ni mkoa wa kusini mwa Italia unaopakana na Campania, Puglia na Calabria. Una pwani mbili fupi, upande wa Bahari ya Tireni na upande wa Bahari ya Ionia. Sehemu kubwa iliyobaki ni milima na vilima. Makao makuu yake, Potenza, yako juu kuliko makao makuu ya mkoa mwingine wowote nchini humo.

Kivutio kikuu ni Matera. Mitaa yake ya kale, iitwayo Sassi, ilichongwa katika mwamba laini wa chokaa ukingoni mwa korongo la mto Gravina, hivi kwamba paa la nyumba moja huwa njia ya kupitia jirani wa juu. Maji ya mvua yaliongozwa kwa mifereji hadi kwenye visima vilivyochimbwa chini ya makazi. Ustadi huo haukuwaondolea watu ufukara: hadi katikati ya karne ya 20 familia nyingi zililala pango moja na punda na kuku wao, na malaria iliua watoto. Carlo Levi, daktari na mchoraji wa Turin aliyepelekwa uhamishoni mkoani humo na serikali ya Mussolini mwaka 1935, aliyafichua maisha hayo katika kitabu chake Cristo si è fermato a Eboli (1945). Sheria ya mwaka 1952 ikawahamisha wakazi zaidi ya 15,000, mapango yakabaki matupu. Mwaka 1993 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 Matera ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Anayelala leo katika hoteli ya pangoni hana budi kukumbuka waliotolewa humo.

Makanisa ya mwambani, yenye michoro ya watakatifu kutani, yamezagaa kandokando ya korongo hilo.

Kwingineko, Metaponto ina nguzo za hekalu la Wagiriki. Venosa ndiko alikozaliwa mshairi Horatius mwaka 65 KK. Na katika ngome ya Melfi mfalme Federiko II alitangaza sheria zake mwaka 1231. Hifadhi ya Taifa ya Pollino, kubwa kuliko zote Italia, inaenea hadi Calabria na ina misonobari ya kale iliyopindwa na upepo.

Mezani, mkate wa Matera na pilipili tamu za Senise, zilizokaushwa kisha kukaangwa, havikosekani.

Kwenda Matera ni rahisi zaidi kupitia Bari, mkoani Puglia, kwa treni ya reli nyembamba.