Kutoka Mpolo hadi Barabarani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi banda letu la wachongaji la Mwenge, Dar es Salaam, huwa na watu wanne au watano tu. Hakuna mtalii, hakuna winga wa kuleta wateja, maduka ya mbele bado yana makufuli. Zinazosikika ni tezo, na kila moja ina mlio wake. Nikiwa nimeinama naweza kukuambia nani anachonga nyuma yangu na kama gogo lake ni bichi au limekauka. Saa nne wateja wakianza kuingia, milio inapungua. Mmoja anainuka kumsalimia mgeni, mwingine anapokea simu, wa tatu anaitwa na mwenye duka aje aeleze kinyago kina maana gani. Adhuhuri ikifika utadhani banda limehamwa.

Kijana wangu, anayeniuzia kwa simu, ana neno lake: koneksheni. “Baba, bila koneksheni utachonga mpaka uzeeke.” Humjibu kwamba nimeshazeeka, kwa hiyo hilo limepita. Lakini hoja anayo, na si hoja ya juzi. Tangu Wamakonde tuanze kuuza vinyago kwa wageni, mchongaji amekuwa akigawanywa vipande viwili: anayekaa na gogo na anayekaa na watu.

Baba yangu alizaliwa uwanda wa juu wa Mueda, ng’ambo ya mto Ruvuma. Watu wa Tanganyika waliwaita yeye na wenzake Wamawia, na hakuhitaji kujitambulisha, maana chale za usoni zilimtangulia. Kwao, alivyonisimulia, kazi kubwa ya mchongaji ilifanywa mafichoni. Lipiko, kinyago cha ngoma kinachovaliwa kichwani vijana wanapotoka jandoni, kilichongwa mpolo, yaani porini, mahali ambapo mwanamke na mtoto asiyeingia jandoni hawakukanyaga. Kilitumika mti mwepesi, si mpingo. Nywele zilikuwa za binadamu kweli, zikigandishwa kwa nta. Anayecheza hakutakiwa kujulikana kuwa ni fulani wa nyumba ile, na mchongaji naye alirudi kijijini kimya kama mtu aliyetoka kukagua mitego.

Nisimfanye mzee yule wa mpolo kuwa mtawa. Alikuwa na shamba lake, wajomba zake, mashemeji, na siku ya ngoma kijiji kizima kilikuwa uwanjani kikitazama kazi ya mikono yake. Wateja wake walikuwa ndugu zake tangu azaliwe. Hakuwatafuta. Kilichobadilika baadaye ni kwamba mteja akawa mtu usiyemjua, anayepita, na ili umjue lazima utoke porini umfuate.

Wareno walipoutiisha uwanda ule, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wamisheni na maofisa wao walianza kuagiza vitu: sanamu za watakatifu, na watu wa kijijini kama mama mwenye mtungi au mzee mwenye kiko. Hizo ndizo tulizokuja kuziita binadamu. Hapo ndipo mpingo ulipochukua nafasi, kwa sababu mgeni aliupenda weusi wake na ule uzito unaozama majini kama jiwe. Mti laini wa lipiko ulibaki kwenye ngoma.

Baba alivuka Ruvuma mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawa manamba, yaani kibarua, kwenye mashamba ya mkonge. Kazi ya mkonge ilikuwa ya kipimo: ukishakata mafungu yako, siku yako imekwisha. Mtu mwepesi wa mkono alimaliza kabla jua halijawa kali, na mchana uliobaki ulikuwa wake. Wamakonde wengi waliutumia kuchonga. Baba alikuwa akisema mkonge ulimpa vitu viwili, kipande cha kazi na mchana, na kwamba huo mchana ulikuwa na thamani kuliko mshahara. Sijui kama aliamini hivyo enzi zile au aliamini baadaye, alipokuwa Dar es Salaam hana mchana tena.

Dar alikuja na kikapu. Asubuhi alichonga, alasiri alitembeza Oyster Bay nyumba kwa nyumba, akibisha milango ya wapishi na madobi, kwa maana hao ndio waliojua bwana yuko katika hali gani siku hiyo. Koneksheni yake ilikuwa mpishi mmoja wa Kimakua aliyemwonyesha mlango wa nyuma. Leo kila anayetembeza bidhaa anaitwa machinga, na wengi hawajui kwamba Wamachinga ni watu wa Lindi, majirani zetu. Kusini tulitoa vinyago, tukatoa na jina la kuvitembezea.

Wakati huohuo alikuwapo mjini mfanyabiashara mwenye asili ya Asia, Mohamed Peera, aliyekuwa na duka la vinyago. Baba hakuwahi kumuuzia kitu, lakini jina lake lilitajwa nyumbani kwetu sana. Na jina lililofuatana nalo ni la Samaki Likankoa. Hadithi yao husimuliwa kwa namna nyingi, na mimi nitaisema nilivyoisikia bandani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki alikuwa akichonga binadamu wa kawaida, mkono ukavunjika. Mpingo ukivunjika mkono, huna gundi ya kumdanganya mnunuzi. Wengine wangelifanya gogo lile kuni. Samaki alilirudia, akaondoa huku, akatoboa kule, kikatoka kitu kisicho mtu: jicho moja mahali pasipo pake, mwili unaopinda kama moshi. Kilikuwa shetani. Akampelekea Peera, na Peera, badala ya kumwuliza mzee mwenye kiko yuko wapi, alikipenda na kumwambia alete vingine.

Basi wakafurika mashetani. Miaka michache tu baadaye kila kijiwe cha Wamakonde kilikuwa kikichonga namna hiyo, kila mmoja na wake, na makumbusho ya Ulaya yakawanunua.

Nimeifikiria hadithi hii miaka mingi, kwa sababu watu wawili wameitumia kunipiga nayo. Kijana wangu anasema: unaona, Peera ndiye aliyemtoa Samaki. Marehemu mjomba wangu, aliyenifundisha kushika tezo, alisema: unaona, mti ulivunjika Samaki akiwa peke yake. Mimi naona jambo dogo zaidi. Samaki hakuwa na wateja mia. Alikuwa na mmoja aliyekuwa tayari kutazama kitu kipya bila kuharakisha kukipangia bei. Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wanaosema hivyo si wachongaji. Kile cha kwanza kilimtisha Samaki vya kutosha akahitaji mtu mwingine akione.

Soko lenyewe halikuchelewa kufanya mambo yake. Chukua dimongo. Mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, naye wa kutoka Msumbiji, alichonga mpambanaji mshindi akiwa amebebwa juu na wenzake, watu wamepandana kama mchwa. Dimongo ni nguvu. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967, watu wale waliopandana wakaitwa ujamaa, na kinyago kikapata soko hata kwa viongozi: zawadi ya kumpa mgeni wa taifa. Wala si jina tu. Mshindi wa juu alianza kupungua ukubwa. Katika vingine akatoweka kabisa, wakabaki watu sawa kwa sawa wakizunguka gogo, bibi chini na wajukuu juu. Siku hizi watalii wanauziwa kinyago hichohicho kwa jina la mti wa uzima. Nimekichonga kwa majina hayo mawili ya baadaye, na mara moja, kwa ukaidi tu, nikamrudishia mshindi wake. Hakikununuliwa. Kiko nyumbani, kinazuia mlango usipigwe na upepo.

Kuna wenzetu walioamua mapema kumaliza ubishi kwa kugawana kazi. Wakamba wa Kenya humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu kuwa ndiye aliyeleta uchongaji wa kuuza, alioujifunza huku Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa misafara tangu karne ya kabla yake, kuuza hakukuwapa taabu. Ushirika wao wa Changamwe, Mombasa, ulifika kuwa na wanachama kwa maelfu. Niliwahi kupita pale. Mmoja anatoa umbo la twiga kwa shoka, wa pili anapiga msasa, wa tatu anatia madoa. Maduka yao yanafika mbali kuliko yetu. Niliwaonea wivu kwa siku mbili, kisha nikarudi Dar, kwa sababu sikuweza kujua twiga gani ni wa nani.

Kwetu kazi haikugawanywa hivyo, labda kwa kiburi. Hata neno msasa, ukilifuata, ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza. Mjomba alinifanya niyatumie hayo mwaka mzima kabla hajaniruhusu kununua karatasi ya dukani. Anayeanza gogo ndiye alimalize. Ila huyo wa kumaliza gogo lazima pia aende kwa wenye mbao. Watu wakisikia koneksheni wanafikiria wazungu. Mimi koneksheni yangu ya kwanza ni dereva wa lori la kutoka Kilwa, anayenijulisha gogo limefika kabla wengine hawajaamka. Mpingo hukua polepole mno, mti wa kuchongeka vizuri unaweza kuwa na umri wa babu yako, na sasa hivi kiini kizuri kinagombewa pia na watengeneza klarineti wa Ulaya. Bila yule dereva ningechonga mashina.

Aliyepata njia ya kati, baina ya gogo na watu, ni George Lilanga, Mmakonde wa upande wetu huu wa mto. Miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo alichokianzisha Sista Jean Pruitt mwaka 1972, na mwanzo wake pale ulikuwa ulinzi wa usiku. Wengine hulisema hilo kama mzaha. Mimi nalichukulia kwa uzito wote: mlinzi wa usiku ana saa nyingi ambazo hakuna anayemsemesha. Kituo kilikutana na wageni, yeye akakutana na mashetani wake, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Baadaye alihamia zaidi kwenye rangi, akazungukwa na vijana wasaidizi, jina likawa kubwa kuliko mikono miwili inavyoweza kulisha. Alifariki mwaka 2005. Jengo la Nyumba ya Sanaa lililofunguliwa miaka ya 1980 halipo tena.

Sisi tulioletwa Mwenge tulijengewa mpangilio wenye akili: maduka mbele, mabanda nyuma. Mwanzoni mwenye duka na mwenye banda walikuwa mtu na kaka yake, au mtu na shemeji. Kodi ilipopanda, maduka mengi yakashikwa na watu wasiowahi kupasuka malengelenge ya tezo, na sasa ndani utakuta mawe ya Kisii yamepangwa kando ya mpingo, kila kitu “kimetengenezwa hapa”. Biashara kati yetu na wao ni ya mali kauli: unaacha mzigo, ukiuzwa unalipwa. Niliwahi kumwachia mtu mmoja vinyago kumi na kimoja. Duka likabadilisha rangi, simu ikabadilisha namba. Nilichojifunza si kutomwamini mtu, maana kazi hii huwezi kuifanya bila kumwamini mtu. Nilijifunza kuacha vitatu.

Kosa langu kubwa zaidi lilinijia kwa njia ya mafanikio. Mwaka mmoja nilipata nafasi kwenye maonyesho ya Sabasaba. Siku kumi na zaidi nilisimama kibandani nimevaa shati la mikono mirefu, nikigawa namba ya simu, nikiahidi watu. Bandani Mwenge nilikuwa nimeacha gogo nililolihangaikia miezi miwili, kiini cheusi kisicho na dosari, nimelifikisha nusu. Mpingo ulioanza kufunguliwa hauachwi. Unafunikwa gunia la unyevu, unawekwa kivulini, unageuzwa. Nilimwagiza kijana mmoja, akasahau, jua likaingia upande wa saa tisa. Niliporudi lilikuwa na ufa unaoingia kidole. Mifukoni nilikuwa na kadi za watu arobaini na moja. Wawili walipiga simu.

Tangu hapo nina utaratibu, wala si wa busara sana. Asubuhi simu inakaa ndani ya ndoo ya tupa na patasi, imezimwa, mpaka saa nne. Saa nne naiwasha na kuwa mtu wa watu: nacheka na mawinga, nampigia dereva wa Kilwa kumsalimia mama yake, naeleza dimongo kwa Kiingereza changu cha kuvunjika. Alasiri sichongi sura. Alasiri napiga msasa, kazi inayoruhusu maneno. Wenzangu wengine wamegeuza: wanachonga jioni, taa ikiwaka. Mmoja ameacha kabisa kuchonga, anauza vya wote, na naomba Mungu asirudi kwenye tezo maana ni muuzaji hodari na hatujapata mwingine.

Wiki iliyopita kijana wangu alipita mapema akanipiga picha bila kuniambia. Kinyago kilikuwa na mkono mmoja, wa pili bado umo ndani ya gogo. Jioni akaja mbio: mteja wa Arusha anakitaka hivyohivyo, kama kilivyo, na pesa ametaja nzuri. Nikamwambia amwombe mteja asubiri. “Asubiri mpaka lini, Baba?” Sikuwa na jibu. Mkono umeanza kutoka jana, na hautokei mahali nilipodhani, unapitia mgongoni. Gunia nimelilowesha mara mbili leo. Picha nyingine sijaruhusu ipigwe.