Mbegu za pamba: kwa nini ghala la Kagera halipimwi kama la Simiyu

Tarafa ya Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba, iko chini na ni kavu kuliko vilima vya kahawa na migomba vya Buhaya. Ndiyo maana huko pamba inalimwa, pamoja na mahindi na mpunga. Wakulima wake wamo Kanda ya Magharibi ya pamba, sawa na wenzao wa Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara na Tabora. Lakini ukilinganisha akiba ya mbegu mkoa kwa mkoa, Kagera inakuwa kama haipo. Sababu zipo kadhaa, na si zote zinatoka shambani.

Kwanza maneno, maana hapa wengi wanachanganya. Pamba mbegu ni ile anayouza mkulima, nyuzi na mbegu zikiwa bado zimeshikana. Mbegu za pamba ni zile zinazobaki kiwandani baada ya kuchambua. Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kama theluthi moja tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni mbegu.

Kwa hiyo akiba ya mbegu huhesabiwa kilipo kiwanda, siyo lilipo shamba. Pamba ya Kimwani ikivuka mpaka wa mkoa kwenda kuchambuliwa, mbegu zake zinaingia kwenye hesabu ya watu wengine. Simiyu, ambayo mara nyingi hutoa karibu nusu ya pamba yote ya nchi au zaidi, inavuna na kuchambua palepale nyumbani. Ghala lake lazima lionekane limejaa.

Halafu kuna mipaka yenyewe. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Simiyu na Geita. Chato, iliyokuwa imemegwa kutoka Biharamulo, ikatolewa Kagera na kuwekwa Geita. Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga kwenda Simiyu. Mtu akichora grafu ya Kagera au Shinyanga bila kukumbuka hilo, ataona pamba imeporomoka ghafla, wakati hakuna aliyeng'oa hata shina. Barabara ya Kyamyorwa hadi Buzirayombo bado inaunganisha Muleba na Chato kama zamani. Kilichohama ni jina la mkoa kwenye karatasi.

Mabadiliko ya kweli yapo, na ni makubwa. Takwimu za serikali zinaonyesha nchi ilipata takriban tani 348,000 za pamba mbegu mwaka 2019/20, kisha kama tani 122,000 tu mwaka 2020/21. Kwa hesabu ya haraka, mbegu zilishuka kutoka zaidi ya tani 200,000 hadi chini ya tani 80,000. Mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa Sh1,200 kwa kilo huku soko la dunia likiyumba. Wanunuzi wakasuasua, wakulima wengi wakakaa muda mrefu bila kulipwa. Msimu uliofuata mvua nazo zikazidi. Mkulima ambaye hajalipwa hana haraka ya kupanda tena, na hilo huonekana kwenye ghala la mbegu mwaka unaofuata.

Hata hivyo, tani hizo si za kupanda zote. Nyingi zinakwenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa mifugo. Mbegu za kupanda ni fungu dogo linalotakiwa kutoka maeneo maalumu yanayosimamiwa, kama Igunga mkoani Tabora. Aina yake ni UKM08, iliyochukua nafasi ya UK91; hiyo UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko mkoani Mwanza. Zipo zenye manyoya na zisizo na manyoya. Hizi za pili zinaota kwa usawa zaidi na mkulima anatumia kilo chache kwa ekari, ila lazima zipite kiwandani kwanza. Ndiyo kusema, ghala linaweza kuwa limejaa mbegu za kukamua na bado mkulima akakosa za kupanda.

Tarehe nayo ina uzito wake. Ununuzi huanza kama Mei, uchambuzi unafuata, na kupanda ni Novemba hadi katikati ya Desemba. Kulinganisha Simiyu ya Agosti na Kagera ya Desemba ni kazi bure. Kufikia Desemba mbegu nyingi zimeshauzwa kwa wakamuaji au zimeshafukiwa ardhini. Linganisha mwezi uleule, mwaka kwa mwaka. Na kwa Kimwani, soma Kagera na Geita kwa pamoja.

Kingine, ziada ya kanda moja si lazima iwe dawa ya upungufu wa nyingine. Mnyauko fuzari upo Kanda ya Magharibi na husafiri ndani ya mbegu, ndiyo maana mbegu za huku hazitakiwi kupelekwa Kanda ya Mashariki, kule Morogoro na jirani zake. Mashariki ina aina zake, zilizotoka kituo cha Ilonga, Kilosa. Kwa mkulima wa Kyamyorwa anayesikia kwamba nchi ina mbegu za kutosha, maswali ni mawili: ni za kupanda, na ziko upande gani wa nchi. Mvua ya Novemba haingoji lori.