Kukusanya kama Utafiti: Margaret Dayhoff na Misingi ya Hifadhidata za Biolojia ya Molekuli

Historia ya biolojia ya molekuli kwa kawaida husimuliwa kupitia majaribio ya maabara. Maisha ya kitaaluma ya Margaret Dayhoff (1925–1983), mwanasayansi wa Marekani, yanadhihirisha upungufu wa simulizi hiyo, kwa kuwa kazi yake kuu ilikuwa kukusanya na kulinganisha matokeo yaliyopatikana na wengine.

Dayhoff alihitimu uzamivu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1948, akitumia mashine za kadi za matundu kukokotoa nishati za molekuli. Mwaka 1960 alijiunga na National Biomedical Research Foundation. Miaka miwili baadaye, yeye na Robert Ledley waliwasilisha COMPROTEIN, programu ya kompyuta iliyopanga vipande vya protini kwa kutafuta sehemu zinazofanana baina yake.

Mwaka 1965 lilitoka toleo la kwanza la Atlas of Protein Sequence and Structure, likiwa na protini 65. Ili kuokoa nafasi, Dayhoff alibuni utaratibu wa kuwakilisha kila asidi amino kwa herufi moja badala ya tatu. Aidha, mwaka 1978 yeye na wenzake walichambua mabadiliko 1,572 katika makundi 71 ya protini zenye ukaribu, wakaunda majedwali ya PAM yanayokadiria uwezekano wa asidi amino moja kuchukua nafasi ya nyingine katika mageuko. Hapa mkusanyo ulizaa maarifa ambayo hayakuwamo katika jaribio lolote moja.

Hata hivyo, mkusanyo huo uliibua suala la umiliki. Atlas iliuzwa na kulindwa kwa hakimiliki. Mapato yake yalisaidia kugharimia kazi, lakini baadhi ya wanamaabara waliona kuwa matokeo yao yamefungiwa. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ilipotoa mkataba wa kuanzisha GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA, taasisi ya Dayhoff ilikosa. Mkataba ulikwenda kwa kampuni ya Bolt Beranek and Newman ikishirikiana na maabara ya Los Alamos, ambao walisisitiza usambazaji huria. Dayhoff alifariki dunia Februari 1983.

Kwa hiyo, uamuzi wa 1982 uliimarisha kanuni ya uwazi wa data. Haukumaliza, hata hivyo, swali lililomkabili Dayhoff kwa miongo miwili: ikiwa data ni mali ya wote, jasho la mkusanyaji litalipwa na nani?